Mbwa Aliyeitwa Watasema

Nikisikia mnyororo ukiburutwa juu ya udongo mkavu, mimi hushtuka mpaka leo. Haijalishi ni mnyororo wa nini. Uwe wa ng'ombe mnadani, uwe wa geti la jirani, mimi husimama nilipo na mkono huanza wenyewe kupapasa mfuko wa gauni. Wanangu hunicheka, husema mama anaogopa minyororo. Nimewaacha waamini hivyo, lakini ninyi nitawaambia ukweli. Nilipokuwa na miaka tisa mlio huo ulikuwa unatangulia, kisha mbwa anaanza kubweka, na katikati hapo nilikuwa na muda wa pumzi mbili tu wa kuokoa usingizi wa mama yangu.

Tulikuwa tunakaa Ilomba, Mbeya, katika miaka ya sabini, mimi na mama tu, kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye dirisha la mbao. Mama alikuwa mhudumu katika wodi ya watoto hospitalini. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi migodini Zambia nikiwa bado sijaanza shule, na kwa kuwa hatukuwa na sanduku letu la posta, barua zake zilikuja kwa anwani ya hospitali. Mwanzoni zilikuja kila mwezi. Baadaye zikawa zinakuja zikipenda. Kila mama aliporudi kutoka kazini nilimtazama mikono kwanza, halafu uso, na Mungu anisamehe, mara nyingi uso sikuufikia.

Mwaka ule mama alipangiwa zamu ya usiku, na zamu iliyopaswa kuwa ya mwezi mmoja ikaendelea tu kwa sababu wahudumu hawakutosha. Alirudi saa moja asubuhi akinuka dawa ya kusafishia sakafu, akanywa chai ya rangi amesimama, akafunga dirisha na kujifunika blanketi mpaka kichwani. Sisi wa darasa la tatu tulisoma mchana, maana madarasa hayakututosha wote, kwa hiyo asubuhi nzima nilikuwa mlinzi wa usingizi wake. Nilijua kufagia uwanja bila kukwaruza. Nilijua kusugua sufuria kwa majani badala ya mchanga ili zisilie. Kuku wa mama mwenye nyumba niliwafukuza kwa kupunga kanga, kimya kimya. Nilikuwa hodari kweli, ila kwa Watasema sikuwa na dawa.

Watasema alikuwa mbwa wa Baba Tulinagwe, jirani yetu, aliyefanya kazi reli na ambaye mkewe alikuwa Tukuyu akilima. Kwetu kule watu wana tabia ya kusema na majirani kupitia majina ya mbwa. Asiyetaka ugomvi wa uso kwa uso humwita mbwa wake Hayawahusu, au Mtachoka, kisha jioni husimama uani na kumwita kwa sauti, na mwenye masikio amesikia. Baba Tulinagwe alijenga nyumba ya bati, watu wakamwonea gere, naye akawajibu kwa mbwa. Kwa hiyo mtu akilalamika juu ya Watasema, alikuwa amejiingiza mwenyewe katika kundi la wanaosema. Mama yangu, mwanamke ambaye mumewe haonekani, alikuwa anasemwa vya kutosha, na hakutaka na yeye ahesabiwe msemaji.

Alfajiri Baba Tulinagwe alimfunga mbwa kwenye mti wa parachichi, hatua chache kutoka dirishani kwetu, akaondoka mpaka jioni. Na mbwa akabweka. Alimbwekea muuza maziwa, aliwabwekea kunguru, alilibwekea parachichi lililoanguka, na pakikosekana cha kubwekea alibweka tu. Haikuwa sauti nene ya mbwa wa maana. Ilikuwa nyembamba na kali, inatoka mbili mbili, inakatika, unadhani amechoka, inaanza upya. Nafuu yetu moja ilikuwa kwamba jua likipanda, kuanzia saa nne hadi saa sita hivi, alijilaza kivulini akasinzia, na mama naye akalala saa hizo hizo.

Mama alijaribu kila kitu. Alitia pamba masikioni. Alihamishia godoro jikoni, moshi ukamtoa. Siku moja alikwenda kulala kwenye benchi kanisani, mzee wa kanisa akamwamsha kwa heshima na kumuuliza kama ana shida ya kuombewa. "Wahenga walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe," aliniambia aliporudi, amekaa ukingoni mwa kitanda, macho mekundu. "Sasa huyu ananiamsha kila siku, mbona yeye halali?" Tulicheka wote wawili. Baada ya hapo sikumsikia akicheka kwa muda mrefu.

Kisha ikaja barua ya onyo. Msimamizi wake alimkuta amelala kitini kazini, kikombe cha uji wa mtoto mgonjwa mkononi, uji umemwagikia mapajani. Sikuambiwa. Niliisoma mwenyewe, maana mama aliiweka kwenye kopo la barua za baba, nami nililifungua kopo lile karibu kila siku. Maneno mengi yalinipita, lakini nilielewa kwamba barua ya tatu ingekuwa ya kuachishwa kazi. Bila kazi tungerudi Chimala kwa mama mkubwa, dada yake mama, tukalime mpunga. Na baba akiandika, barua yake ingefika hospitalini na kukuta hatupo. Akija mwenyewe Ilomba angegonga mlango na kufunguliwa na watu asiowajua. Niliogopa sana. Nililirudisha kopo mahali pake na kukaa chini nyuma ya mlango mpaka saa ya kwenda shule.

Jumapili iliyofuata mama alijikaza, akachukua bakuli la maharage yaliyoungwa, tukaenda kwa Baba Tulinagwe. Alitupokea kwa furaha, akatusalimu kwa lugha ya kwao, "Mwagonile," salamu ya Kinyakyusa ambayo ndani yake inauliza kama mmelala vizuri. Mama akaitikia kwamba amelala. Waliongea habari za mvua, wakaongea sukari isiyoonekana madukani, wakaongea Tukuyu nzima. Mbwa alikuwa amejinyoosha miguuni pa bwana wake, macho nusu. Mwishowe mama akaanza.

"Huyu kijana wako naye, Baba Tulinagwe, mchana huwa anachangamka kidogo."

"Nani, Watasema? Huyu hana neno, Mama Sekela. Toka asubuhi umemsikia?"

"Labda siku ambazo haupo."

"Aa, nikiwa sipo si ndo analinda? Ila nimefurahi wewe umempenda. Wengine hapa wanamsema tu."

Mama akasema asante. Tukarudi nyumbani na maparachichi manne. Mpaka leo sijui niicheke adabu ile au niililie, maana shida yetu aliifunga vizuri mno, na mwenzake akaipokea kama zawadi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao wetu Baba Tulinagwe hata hakujua kwamba upo.

Wiki hiyo mama mwenye nyumba alimletea sumu ya panya ndani ya kipande cha gazeti. "Changanya na utumbo," alimwambia, "kesho utalala." Mama hakuikataa. Aliiweka juu ya kabati, na kwa siku tatu nilimwona akiinua macho kuitazama kila alipoamshwa. Siku ya nne aliitupa chooni. Aliponiona namtazama alisema, "Mbwa wa watu, Sekela. Hakujifunga mwenyewe."

Ndipo nikaamua kuibeba kazi hiyo mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nje nakula kiporo cha ugali, mnyororo ukalia, naye akaanza. Nikamtupia tonge. Akalidaka, akatafuna, akanyamaza. Nilisimama pale nahesabu moyoni, nikafika mia moja na ishirini kabla hajabweka tena. Nikatupa lingine. Nilijiona nimegundua dawa ambayo watu wazima wote wa Ilomba walikuwa wameikosa.

Tangu siku hiyo nilikula nusu na nusu nikaiweka mfukoni. Wiki ya kwanza matonge matatu yalitosha. Ya pili yakawa sita. Kisha nikaanza kuficha chakula changu cha jioni, ugali na dagaa, navifunga kwenye karatasi ya daftari kwa ajili ya kesho. Mama aliondoka kwenda kazini kabla sijamaliza kula, kwa hiyo hakuona. Shuleni nilisikia kizunguzungu, mwalimu akafikiri nina malaria na kuniambia nimwambie mama anipeleke hospitali. Sikumwambia. Ningewezaje kumpa kazi nyingine?

Lakini mbwa hakupungua, alizidi. Hata kile kipindi cha kivulini kikapotea. Saa nne, saa tano, alikuwa amesimama, mnyororo umenyooka, haangalii barabara wala kunguru, anatazama mlango wetu, anabweka. Nikasema moyoni, ana njaa, sijampa vya kutosha. Nikampa chote. Ndani nilimsikia mama anageuka, anageuka tena. Siku moja nilichungulia nikamwona amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, viganja vimebana masikio, anasema kwa sauti ndogo, "Basi. Basi. Basi." Sijawahi kumchukia kiumbe kama nilivyomchukia mbwa yule wakati ule, na nilikuwa namtupia dagaa.

Barua ya pili ilikuja. Niliisoma pia. Wiki mbili au tatu baadaye, siku ya Jumanne, mama alirudi kazini, hakunywa chai, hakubadili sare, akakaa kitandani hivyo hivyo. Mimi nilikwenda uani na matonge yangu kama kawaida. Jioni aliniambia kwamba ameacha kazi. "Baridi ya Mbeya imenishinda," alisema. "Tunakwenda kwa mama mkubwa." Na majirani aliwaambia hivyo hivyo, baridi. Niliangalia kwenye kopo, sikukuta barua ya tatu, nikaamini kwamba ameondoka kwa kupenda kwake, kabla hata hajafukuzwa.

Baba Tulinagwe alitusaidia kupakia godoro kwenye lori la mchele lililokuwa linarudi Chimala. Alihuzunika kwa kweli, akasema uwanja utapooza bila sisi.

Barua ya baba hatukuiona tena. Kama iliandikwa, kama ilifika hospitalini ikalala kwenye rafu mpaka ikatupwa, hatukujua, na kutokujua huko ndiko kulikoniharibu roho. Nilimlaumu mama. Kwanza kimya kimya, kisha kwa mdomo. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano nilimwambia, mbele ya mama mkubwa, kwamba baba angetupata kama yeye asingekuwa mwepesi wa kushindwa. Alikuwa anapeta mchele. Ungo haukusimama. "Ndivyo nilivyoona wakati ule," alisema, basi. Nilimnunia miaka mingi, nikaolewa Iringa, Ipogolo, nikaondoka nyumbani kwa mkono wa kwaheri tu.

Huko Ipogolo nilifuga mbuzi wa maziwa. Alikuwa na kelele, na kila alipolia nilimtupia majani ya viazi anyamaze. Jirani yangu, mwanamke wa Kihehe asiyeficha neno, alinitazama siku mbili tatu kisha akacheka. "Dada, huyo umemwajiri mwenyewe. Kila akilia, unampa mshahara. Sasa atanyamaza ili iweje?"

Nilibaki na majani mkononi. Alidhani amenitania, akaendelea na kazi zake. Mimi niliingia ndani nikakaa, na hapo uwanja wa Ilomba ulinirudia wote, mbwa amesimama saa tano ya jua anatazama mlango wetu. Alikuwa ananisubiri mimi.

Siku ya pili nilipanda basi mpaka Chimala. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anachagua mchele, macho yameanza kumsumbua, ungo ameusogeza karibu na uso. Sikuweza hata kumaliza salamu.

"Mama, yule mbwa nilikuwa namlisha mimi."

"Najua," alisema.

"Umejua lini?"

"Siku waliponipa barua ya tatu. Sikulala, nikachungulia dirishani. Ulimpa ugali wote, ukabaki unalamba vidole." Alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Ndo nikajua kwa nini ulikuwa umekonda. Mimi mama yako, niliyekuwa napima watoto wa watu kila siku, sikuwa nimeona."

"Mbona hukuniambia? Hata siku ile nilipokutukana?"

"Ulikuwa na miaka tisa, Sekela. Hilo ungeliweka wapi?"

Nililia mpaka mama mkubwa akatoka ndani kuuliza nani amefariki. Nilikuwa nimeishi miaka yote ile nikidhani mama ndiye aliyenipotezea baba. Yeye alijua nilichokifanya tangu siku ile ya barua ya tatu, akanyamaza, akaubeba ukali wangu, na kila jioni huko Chimala, nakumbuka sasa, alikuwa ananipakulia mimi kwanza, kisha anakaa kunitazama mpaka nimalize.