Kadi Iliyonenepa kwa Salamu

Ukitaka kutengeneza kitu cha maana kwa kadi ya Krismasi ya zamani, chagua iliyo nene. Nyembamba inajikunja ukiipaka gundi, na ukiikata nyota, ncha zake zinalegea kama masikio ya mbuzi. Nililijua hilo mwaka niliomaliza kidato cha nne nikarudi Tunduma kukaa nyumbani bila kazi, na laiti nisingelijua.

Wakati ule biashara ilikuwa imefunguliwa, na mpakani kila mtu alikuwa anauza kitu: mitumba, sabuni, mafuta ya kupaka kutoka Zambia. Mimi mtaji sikuwa nao. Nilikuwa na mkasi wa mama, sindano, uzi wa sufu na gundi ya unga wa ngano niliyoichemsha mwenyewe. Nikapita kwa majirani na watu wa kanisani kuomba kadi za zamani. Walikuwa nazo. Watu hawatupi kadi. Wanaziweka kwenye makopo, chini ya magodoro, wengine wanazibandika ukutani mpaka moshi unazila rangi. Picha nzuri nilizihamishia kwenye karatasi ngumu zikawa kadi mpya. Zenye kung'aa nikazikata nyota za kutundika kanisani. Kadi kubwa nilizishona kingo kwa uzi zikawa visanduku vya kuwekea hereni. Lakini kilichopendwa kuliko vyote ni alama za kuweka kwenye Biblia: kipande kirefu cha picha, tundu juu, kishada cha uzi mwekundu. Nyuma nilibandika karatasi nyeupe, maana hakuna anayependa kufungua Zaburi akakutana na salamu za familia nyingine.

Ndani ya kopo la mama kulikuwa na kadi moja nene kuliko zote. Siwezi kusema sikuitambua. Niliitambua. Ilikuwa ya mama na dada yake, mama mkubwa wangu, aliyeolewa Kitwe na mtu wa mgodini. Mama mkubwa ndiye aliyeituma kwanza, miaka ambayo huku kwetu hata sukari ilikuwa ya foleni, sembuse kadi. Ilikuwa na picha ya nyumba ndogo iliyofunikwa na theluji, farasi wawili, na mzee aliyekaa kwenye gari lisilo na magurudumu. Krismasi iliyofuata mama, kwa kukosa nyingine, alikata karatasi ya daftari, akaibandika juu ya maneno ya dada yake, akaandika yake, akampa dereva wa lori aipeleke. Mama mkubwa akabandika tena juu ya hapo, akairudisha. Ikawa desturi yao. Mwaka huu iko Tunduma, mwaka ujao iko Kitwe, salamu juu ya salamu, kurasa zote mbili za ndani, mpaka kadi ikawa haifungi. Na walikuwa na utani wao: "Ikikaa kwako, nitajua umenuna."

Halafu bibi, mama yao, akafariki. Mama mkubwa alifika siku ya tatu baada ya mazishi, na kabla hajakaa chini akauliza vitenge vya marehemu vimechukuliwa na nani. Mama akamgeuzia mgongo. Krismasi ile ilikuwa zamu ya kadi kutoka kwetu, haikutoka. Ikakaa kwenye kopo miaka minne. Mimi nikaona imekufa, na ilikuwa ngumu kama ubao. Upande wa picha nikaukata alama tatu za Biblia: nyumba, farasi, mzee. Upande wa nyuma ukawa kitako cha kisanduku. Jumapili vyote vilinunuliwa kabla watu hawajamaliza kusalimiana nje ya kanisa, nami nikajiona fundi.

Wiki mbili kabla ya Krismasi mama alikuwa anachambua maharage uani. Bila kuinua kichwa akasema, "Lete ile kadi ya mama yako mkubwa."

"Ipi, mama?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Ya nini?"

"Nimechoka kununa. Kuna dereva anakwenda Kitwe wiki ijayo."

Ningesema palepale. Kosa lingekuwa dogo, la siku moja, lenye kofi moja labda. Badala yake nikasema nitaitafuta, imechanganyika na nyingine, nikatoka kuwasaka walionunua.

Nyumba na mzee nilivipata siku hiyohiyo. Alivinunua jirani yetu mwimba kwaya, kimoja cha Biblia, kingine cha kitabu cha nyimbo. Alinirudishia huku akicheka: "Biashara gani hii, dada? Asubuhi unauza, jioni unadai?" Kisanduku nilikikuta saluni karibu na forodha. Mwenye saluni alikuwa ameacha hereni akaweka kopo la mafuta ya nywele, na mafuta yalikuwa yamevuja. Kitako kilikuwa kimelowa mpaka ukikiinua kwenye mwanga unaona kidole chako upande wa pili. Wino umetawanyika wote. Alishangaa kuniona nalia kwa sababu ya kisanduku.

Waliobaki ni farasi, na farasi walikuwa Msangano, kijiji cha mbali huko bondeni. Aliwanunua mke wa mwinjilisti aliyekuja Tunduma kwenye mkutano wa akina mama. Nikamdanganya mama kwamba naenda Chitete, upande huohuo, kuulizia kazi, nikapanda lori lililobeba mbolea. Huko bondeni mvua ilikuwa imekwishaanza. Lori lilikwama mara ya kwanza tukalisukuma, mara ya pili tukalisukuma, mara ya tatu dereva akazima injini akashuka kuomba ugali kwa wafugaji waliokuwa na boma karibu na njia. Nikamaliza safari kwa miguu, viatu mkononi.

Mke wa mwinjilisti alinikuta mlangoni kwake nikijipangusa matope kwa majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We mtoto! Umetoka Tunduma kwa njia hii? Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Nimefuata ile alama ya Biblia. Naomba nikubadilishie." Nikamtolea tatu nyingine nilizokuwa nimezifunga kwenye nailoni, mojawapo yenye mshumaa wa rangi ya dhahabu, kazi yangu bora kuliko zote.

Akazigeuzageuza. "Hizi hazina farasi."

"Lakini ni nzuri zaidi, mama. Angalia hii inavyong'aa."

"Mimi sisomei mwanga wa karatasi, mwanangu. Mwinjilisti amewazoea farasi wake. Wako kwenye Isaya sasa hivi. Nikiwatoa, Jumapili atahubiri kitu kingine kabisa."

Akacheka mwenyewe, akaniwekea maji ya kunawa na sahani ya wali. Nilipokula nikaona siwezi tena kuficha, nikamweleza yote, mama na mama mkubwa, vitenge, kopo, mkasi wangu. Akanijia juu.

"Sasa mbona hukusema hivyo tangu mlangoni? Unaniletea dhahabu! Watu na dada zao, wewe unaniletea mshumaa!"

Aliingia ndani akarudi na farasi. Nilipowashika nikahisi kuna kitu kimepungua. Biblia ya mwinjilisti ni ndogo, alama ilikuwa inatokeza, kwa hiyo aliipunguza kwa wembe, juu na chini. Farasi hawakuwa na kwato. Nikauliza vile vipande vilivyokatwa viko wapi, swali la kijinga.

Nyumbani nilijaribu kuondoa ile karatasi nyeupe niliyobandika nyuma. Gundi ya ngano ikikauka haina huruma. Niliilainisha kwa mvuke wa birika, ikatoka, lakini ikatoka na salamu ya juu, ile ya mwisho ya mama mkubwa. Chini yake ikaonekana ya mama, na chini ya hiyo, pembeni, maneno mawili ya Kibemba ambayo hakuna aliyekumbuka yaliandikwa lini. Nikaviunganisha vipande vyote kwenye karatasi ngumu, na kile kitako cha mafuta, nikampelekea mama nikiwa nimepiga magoti.

Hakunipiga. Alipitisha kidole kwenye mistari ya mkasi.

"Hapa juu alikuwa ameandika nini?"

"Sijui, mama. Imetoka."

"Mimi pia sikumbuki." Akaisukuma mbali kidogo. "Nikimpelekea hii ataona nimeikata kwa hasira."

"Tununue nyingine. Dukani zipo sasa."

"Nyingine! Kwani mimi ni mgeni kwake?"

"Basi andika barua, useme ni mimi."

"Na nianzeje hiyo barua? Miaka minne kimya, halafu nianze na mambo ya mkasi?"

Hakuna lililowezekana. Kadi ilikuwa mbaya, kadi mpya ilikuwa matusi, barua ilikuwa ndefu, na safari ya Kitwe, ambayo watu wa Tunduma wanakwenda na kurudi na mizigo ya biashara kila wiki, hiyo hakutaka hata kuisikia. Dereva alipokaribia kuondoka nilimpa ile kadi mwenyewe, kwa siri, pamoja na kurasa mbili nilizoandika kwa Kiswahili changu cha shule nikikiri kila kitu. Baada ya Krismasi akaniletea jibu la mdomo. "Mama yako mkubwa amesema, mtoto asitumwe kubeba hasira ya mtu mzima."

Hakuniamini. Nilitembea kwenye matope, nikakiri kwa kalamu, na aliyesadikiwa ni mkasi. Mama alipojua nimeandika alikasirika kuliko alivyokasirikia kadi yenyewe, na mwaka uliofuata mimi niliondoka Tunduma. Nimeishi Mbeya, Chunya, Morogoro, nimevuka mpaka na vitenge na kurudi na sufuria. Kitwe nimefika mara mbili, mara zote nikalala stendi, nikijua mtaa anaokaa, nikiogopa sura yake. Na kila Desemba nikiona kadi zimetundikwa mlangoni mwa duka natamani kuingia nizikate zote, nipumzike.

Miaka ikapita, simu za mkononi zikafika. Nilikuwa nimerudi kumwona mama, nikapata namba kwa binti wa mama mkubwa, nikaazima simu yenye laini ya Zambia, maana mtandao wao Tunduma unashika mpaka sebuleni. Nikapiga, nikamwekea mama sikioni kabla hajauliza ni nani. Halafu mmoja wao, sikujua yupi, akaguna, na wakaanza kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, haraka, kama walioachia maongezi jana: mvua, mahindi, nani kaoa, goti. Mama akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia. Nikamwonyesha kwa vidole, kadi, mkasi, mwambie ni mimi! Akanipungia mkono kama anayefukuza kuku kwenye mtama.

Salio likaisha katikati ya sentensi.

"Amesemaje kuhusu ile kadi?" nikauliza.

"Kadi gani?" Mama alikuwa anaitikisa simu. "Goti linamsumbua, hajaniambia ni la upande gani. Weka salio."