Baba mkwe anataka wale wachekeshaji wa unga waje harusini

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku kwetu karibu na Kapsoit tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nane. Niko na shamba kidogo la majani chai niliachiwa na baba, na wikendi mimi na rafiki yangu huchekesha watu kwa harambee na sherehe. Huyo rafiki wacha nimwite Kip. Tulipashwa tohara pamoja, tukakaa nyumba moja ya jando mpaka tukatoka, na kwetu huyo ni zaidi ya ndugu.

Shoo yetu haina maneno. Tunajipaka unga uso mzima, Kip anakuwa msimamizi wa shamba, mtu mzito na tumbo lake, mimi nakuwa mchuma chai mvivu. Ananizaba kofi, naruka, naingia kwa kikapu kichwa chini, miguu inabaki juu ikirusharusha. Hilo kofi halinigusi, ile sauti ni mikono yangu mwenyewe. Mwishoni naanguka kinyumenyume kutoka jukwaani na Kip ananishika mshipi kabla nifike chini. Siangaliangi nyuma. Najua mkono wake uko.

Sasa niko na mchumba, nimwite Chero. Babake ni mzee wa kanisa na hana mchezo. Chero alinionya mapema kwamba mzee akijua mimi hupigwa makofi mbele ya watu, nisahau harusi. Kwa hivyo mzee alijua tu niko na majani na ng'ombe.

Mwezi uliopita tukaenda koito, yaani kuposa. Kip alikuwa kwa wageni wetu, amekaa kando yangu na suti ya kuazima. Mambo yalienda vizuri, mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, ikazunguka, mzee akachangamka. Akaanza kusimulia vile kwa harambee ya kanisa alicheka vijana wawili wa unga mpaka kofia yake ikaanguka kwa matope. Akasema hao lazima wakuje kwa harusi. Halafu akaongeza, "Lakini yule hupigwa, ai, huyo siwezi mpa hata ndama achunge." Wazee wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Mzee akanigeukia. "Kijana, unawajua hao?"

Kip aliniangalia akitabasamu, akidhani sasa nitasema.

"Hapana, baba. Hao watu siwajui."

Kwa Biblia hapo jogoo huwika. Kwa mzee ni ng'ombe tu alilia huko nyuma. Kip alimaliza mursik yake, akamshukuru mamake Chero. Kesho yake alikuja kuchukua kikapu. Aliniambia kuficha kazi si neno, hata yeye angeficha. Kinachomuuma ni kwamba nilisema "hao watu" na goti lake limegusana na langu.

Mzee naye hakulala. Alitafuta namba kupitia kanisa, akampigia Kip bila kujua anaongea na nani, na Kip akakubali kazi. Nilipomuuliza atafanya aje na mimi ndiye bwana harusi, alinijibu polepole, "Nitapanda peke yangu. Nitaanguka mimi."

Jameni, Kip hajui kuanguka. Hiyo ni kazi yangu, yeye kazi yake ni kudaka. Na ule uzito wake, akienda kinyumenyume kutoka jukwaani ataumia vibaya. Nimemwomba msamaha, anasema ameshasamehe, lakini kazi ameshakubali. Chero naye ameapa nikifungua mdomo kwa babake, tumeachana.

Kwa hivyo siku hiyo nitakuwa nimekaa mbele na suti na maua, mzee upande mmoja, Chero upande mwingine, Kip akirudi nyuma pole pole kuelekea ukingoni, bila kuangalia. Nyinyi mlio wakubwa kunishinda, niambieni ukweli hata kama utauma. Nisimame ama nikae?