Ukurasa Niliouficha Chini ya Dagaa

Harufu ya dagaa wakavu wa Nkome hunirudisha jikoni kwetu Mwakitolyo, kwenye debe nilimoficha kosa langu. Msinicheke. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na wivu ulikuwa umenijaa.

Kabula, binti wa shangazi yangu, alihamia kwetu kutoka Chato baada ya mama yake kufariki. Alikuja na magauni mawili na kamusi ya Kiingereza iliyochakaa. Mama alipenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliugua.

Baba alisimamia karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Siku moja, tukila ugali, akamwuliza Kabula, "Mayu, hili neno 'run' tunalolisikia kila siku lina maana gani?"

Kabula akazimwaga maana zake: mtu anakimbia, mto unatiririka, mwenye duka analiendesha, pua inatoa kamasi, hata karasha la mjomba likinguruma ni neno hilohilo. Baba alicheka hadi akapaliwa. Lakini "mayu", yaani mama kwa Kisukuma, lilikuwa jina aliloniita mimi! Hakuna aliyeniuliza kama nimekubali kuligawa.

Mwalimu akatupangia, mimi na Kabula, tueleze matumizi ya neno hilo siku ya kikao cha wazazi. Asubuhi ya kikao, Kabula akiwa kisimani, niliuchana ukurasa wa neno hilo kwenye kamusi yake nikausukumia chini ya dagaa. Niliamini bila kamusi atabaki bubu.

Alirudi, akafungua kamusi, akaliona pengo. Akanitazama.

"Twende, Mbuke," alisema. "Tutachelewa."

Mbele ya wazazi alizitaja maana zote kwa kichwa, isipokuwa moja. Akanigeukia. "Iliyobaki anayo Mbuke."

Niliijua, ilikuwa ile ya karasha. Baba alikuwa mstari wa mbele, ameinua kidevu, akisubiri. Aibu ikanifunga kinywa, nikabaki natazama vidole vyangu vya miguu. Siku hiyo nilimchukia Kabula zaidi, nikidhani amenikomoa.

Dagaa walipokwisha, mama alinipa ule ukurasa. Ulinuka. Pembeni ya mstari wa maana ile ya mashine paliandikwa kwa penseli, mwandiko wa Kabula: "Hii aseme Mbuke. Mjomba atafurahi."

Nilikuwa mtu mzima nilipolisoma vizuri lile neno mjomba. Miezi yote ile nilimlinda baba asiibiwe, na Kabula hakuwahi kusahau, hata siku moja, kwamba huyo hakuwa baba yake.