Simu Ambazo Hakuzipokea

Habari ya kifo chake niliipata asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, kwa ujumbe mfupi wa binti yake. Jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa huzuni bali aibu, kwa kuwa aibu ndiyo iliyotukutanisha mimi na yeye. Wasomaji wangu wa siku nyingi wataniwia radhi. Nimewaandikia kuhusu bei ya unga, kuhusu wabunge, hata kuhusu jirani anayechoma taka wakati nimeanika nguo, lakini sijawahi kuwaambia kwamba kuna kampuni ya kusuluhisha madeni iliyonilia pesa zangu nilipokuwa nikisugua sakafu za shule moja ya wasichana kule Jeddah. Marehemu alikuwa mteja mwenzangu. Jina lake sitalitaja. Alikuwa mtu wa kujificha, na wanawe bado wako hapa mjini.

Aliondoka Mombasa katika muongo uliopita, wakati ambapo kila mtaa ulikuwa na wakala wake wa kupeleka wanawake Saudia kufanya kazi za nyumbani. Ili apate pasipoti, vipimo vya hospitali, nauli za Nairobi na hicho ambacho wakala alikiita chai, alikopa kwenye shirika la mikopo ya akina mama. Mikopo ya namna ile haitaki hati ya shamba, inataka wenzako. Mnaunda kikundi, mnadhaminiana, mnakutana kila wiki, na mmoja wenu asipoleta rejesho, haondoki mtu kwenye kiti mpaka waliobaki wamemchangia. Mwenyekiti wa kikundi chake alikuwa fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na ndiye aliyewashawishi wenzake wamkubalie aende, awe anatuma marejesho yake kutoka huko.

Alifikia Riyadh, kwenye nyumba ambayo simu yake ilikaa kwa madam kutwa nzima na mshahara ulikuja ukipenda. Marejesho yakaanza kuchelewa. Shirika likawa linapiga, fundi cherehani akawa anapiga, na yeye akiipata simu usiku anakuta namba za nyumbani zimejipanga. Ndipo kwenye kundi moja la WhatsApp la Wakenya walioko Saudia akasikia sauti ya mwanamume, Mkenya mwenzetu, sauti ya upole ya mtu aliyelala vizuri. "Dada zangu, mbona mnajiumiza? Acheni kuwalipa hao watu. Ile pesa ya kila mwezi tutumieni sisi, tutawawekea. Ikitosha tutakaa nao mezani, deni litakatwa nusu. Lakini sharti ni moja, simu zao msishike. Za wadhamini pia msishike. Mkiongea nao mtatuharibia kazi." Nami nilisikia maneno hayo hayo, kutoka kwa mtu huyo huyo, na niliyaamini hivyo hivyo.

Msomaji aliye nyumbani kwake, ameshiba, atauliza tulikuwa na akili gani. Nimejiuliza sana. Nadhani ile habari ya deni kukatwa nusu haikutunasa sana. Kilichotunasa ni ile ruhusa ya kutoshika simu. Mtu anayeigeuza simu kifudifudi kila akiona namba ya kwao, ukimwambia kwamba kunyamaza ndiyo njia ya kulipa, umempa usingizi. Tena kadama, mtumishi wa ndani, wa Riyadh amezoea kuambiwa nyamaza, na anajua kuitikia hewala. Akazifungia namba zote, akianza na ya fundi cherehani, na tangu hapo, hata ikibidi kuazima, hakuna mwezi aliokosa kutuma. Alikuwa akijisifu moyoni, aliniambia baadaye, kwamba yeye ni mlipaji mzuri.

Mkataba wa Riyadh ulipokwisha alipata kafili mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini, huko Jeddah, familia ya watu waungwana waliomruhusu kutoka Ijumaa alasiri. Tulifahamiana mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwenye nyumba tuliyopangishiwa sisi wafanya usafi, ambako Wakenya walikuja kula ugali na kusema Kiswahili kwa sauti ya kawaida. Tukawa mashoga. Kila mwisho wa mwezi tulikwenda pamoja kwenye duka la kutumia pesa, mimi nikimwambia zangu ni za dawa za mama, naye akisema zake ni za dawa za mama yake. Wote wawili mama zetu walikuwa wazima. Ijumaa moja kijana wa dirishani akaziweka karatasi zetu sambamba, akatutazama, akauliza kwa Kiarabu chake cha dukani, "Nyinyi wawili mnamtumia mtu mmoja?"

"Shoga, na wewe?" akaniuliza.

"Na mimi."

"Tangu lini?"

"Usiniulize."

Tulicheka, kicheko kibaya, kisha tukachukua pesa zetu tukatoka. Tukakaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, na yeye, aliyekuwa jasiri kuliko mimi, akalipigia shirika lake Mombasa. Afisa alitafuta jina lake, akasema bila haraka, "Mama, hili deni lilifungwa zamani. Wadhamini wako walilimaliza." Lilifungwa yeye akiwa bado Riyadh. Miezi yote ile alikuwa akilipia deni ambalo halipo. Tulimpigia yule mwanamume wa sauti ya upole. "Dada, soma mkataba," alisema. "Ulizotuma ni ada, na ada hairudi. Tena wewe ndiye umevunja sharti, umeongea nao." Akakata, na hakushika tena. Halas.

"Wamenilipia," alisema, "na mimi nimewafungia simu." Nilimsihi awapigie papo hapo. Akanitazama kwa macho ya kunishangaa. "Niwaambie nini?"

Aliporudi nyumbani hakurudi mtaa wake. Alipanga chumba upande wa pili wa mji, akauza mahamri, na kila alipopata kitu akamtumia fundi cherehani kwa simu awagawie wenzake, bila neno. Fundi alipopiga, aliiacha simu iite. Arusi za mtaa wa zamani hakwenda, na msibani hakwenda. "Nikimaliza ndipo nitaingia kwake," alikuwa akiniambia. "Siwezi kwenda na uso huu." Alichoogopa ni kufa na dhima yao shingoni, na hofu hiyo ilimkondesha kabla ya ugonjwa. Mtu aliyekwenda Uarabuni tunamtaka arudi na masanduku. Akirudi na deni hatuna pa kumweka, na yeye analijua hilo, kwa hiyo anajiweka pembeni mwenyewe. Zile kampuni zinaijua aibu yetu hii vizuri kuliko sisi, na zinaichuma.

Siku ya maziko, kabla jeneza halijatoka, mjomba wake alisimama mlangoni pa chumba cha wanawake akauliza, kama ilivyo ada, anayemdai marehemu ajitokeze. Niliinamisha kichwa, maana nilijua shoga yangu hakuwa amemaliza kulipa. Mama mmoja mnene aliyekaa karibu yangu akajibu, "Hapa hakuna anayemdai." Ndiye fundi cherehani. Nikamnong'oneza kwamba shoga yangu alihangaika sana kuwalipa, na kwamba amekufa akidhani hawajamsamehe.

Akanigeukia. "Kwani alidhani nampigia kumdai?" akasema. "Tulikaa, tukasema mwenzetu yuko kwenye nyumba za watu, huenda hata simu hana. Tukachanga, tukaifunga ile hesabu. Mimi nilikuwa nampigia kumwambia deni limekwisha, pesa yake awatumie wanawe. Nilipiga mpaka nikachoka. Na hizi alizokuwa akinitumia, kila zikiingia napiga nimwambie basi mama, yatosha. Hashiki. Ziko, nimewawekea watoto wake."

Nililia pale kwa aibu yake na yangu, na sikujali nani ananiona. Yule mwanamume na kampuni yake siwawezi. Ninachokiweza ni kumwambia msomaji anayedaiwa leo, awe Riyadh au Kisauni, ashike simu. Huenda anayepiga ana maneno machungu, nawe utayasikia na hayatakuua. Huenda pia anapiga kukwambia limekwisha.