Ua la Maharage na Kompyuta Mpya

Mkwe wangu alinifundisha kompyuta mpya akiwa amesimama mlangoni. Mimi nimekaa ndani kwenye kigoda, mgongo nimeupa mlango, na yeye yuko nje ya kizingiti ananiambia niguse wapi. Kwetu mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, wala hakalii kiti chake. Binti yangu alipokuwa hai hilo halikutusumbua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa katikati. Alikufa kwa ugonjwa wa siku chache, kule Muyinga kwa mume wake, akaacha msichana mdogo. Tukabaki mimi na mkwe, tunaongea kupitia mlango.

Sikulia. Watu walilisema sana jambo hilo. Siku waliponipigia simu nilikuwa nakata nyuzi kwenye kitambaa cha meza cha ofisi moja. Nilimaliza kuzikata, ndipo nikafunga mlango nikaenda kutafuta gari.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania tulirudi na cherehani, masufuria, na maharage ya mbegu kwenye soksi. Mimi niliishia darasa la tatu. Kusoma nasoma, Kirundi na Kiswahili, polepole, na sipendi mtu anisubiri nikisoma. Binti yangu alisomea kule kule kambini, akajua na kompyuta. Hapa Gitega tukapanga chumba cha kushona, na baada ya muda tukanunua mashine ya kutarizi iliyokwisha tumika, ile inayotarizi yenyewe ukishaiwekea mchoro. Ilikuja na kompyuta yake, na ndani ya kompyuta kuna programu ya kuchora. Programu hiyo ina ufunguo. Ni kijiti cha plastiki cha kijani, kinachomekwa nyuma ya kompyuta. Bila kijiti haifunguki hata uiombe namna gani.

Maneno yake yote ni ya Kiingereza. Binti yangu akaniambia, "Mama, usisome. Tazama picha tu."

"Mimi si mtoto wa shule ya watoto."

"Mtoto wa shule ya watoto angekuwa ameshamaliza."

Nilimpiga na utepe wa kupimia. Lakini nilitazama picha. Sindano iko wapi, mkasi uko wapi, duara la kubana kitambaa liko wapi. Mkono wangu ukajua mwenyewe, kama unavyojua chumvi iko upande gani wa jiko gizani.

Ua la maharage alilichora yeye. Mvua ya kwanza baada ya kurudi, kwenye kishamba chetu cha Ryansoro, maharage yalitoa maua kabla ya kitu kingine chochote, na yeye alikaa chini kwenye udongo akiyatazama badala ya kupalilia. Nikamwambia maua hayaliwi. Miaka ikapita, akalichora lile ua kwenye kompyuta: zambarau iliyofifia, jani, na kile kikonyo kinachojizungusha kwenye mti. Wateja walicheka mwanzoni. Nani anataka chakula kwenye shuka yake? Baadaye mji ulipofanywa mji mkuu wakaja wanawake wa ofisini wanaotaka kitu ambacho jirani hana, na waridi kila mtu analo. Hata baada ya kuolewa Muyinga alikuwa anakuja, analala kwangu, anachora, anarudi.

Alipokwisha kufa, kompyuta nayo ikaanza kuchoka. Inapata moto, inazimika katikati ya kazi. Naiacha ipoe, naiwasha tena. Niliona ni kawaida, vitu vinachoka.

Kisha wazee wa Muyinga wakatuma salamu. Walitaka siku ya kuganduka, yaani siku ya kumaliza matanga, ambapo pande mbili zinakutana, wanaomba, wanakunywa, na mzee mmoja anasimama anasema msiba umekwisha. Kabla ya siku hiyo mume aliyefiwa haoi. Nilijua kwa nini wanaharakisha. Mtoto mdogo analelewa na bibi mzaa baba, na huyo bibi miguu imekwisha. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike waliyekuwa wanamtaja bila kumtaja.

Nilimjibu mkwe wangu kwa simu. "Nitakuja. Lakini wanawake wa pande zote watavaa shuka za kujifunga begani zenye ua lake kwenye pindo. Nitazitarizi mimi. Bila ua lile siendi Muyinga, na bila mimi hakuna kuganduka."

Akasema, "Sawa, mabukwe." Ndivyo tunavyomwita mama mkwe.

Wiki ile ile kompyuta ikazimika na haikuwaka tena.

Mwenzangu mmoja atauliza, si ulikuwa na mchoro kwenye flashi? Nilikuwa nao, ule mdogo wa vitambaa vya mkono. Mchoro wa mashine ukiuvuta uwe mkubwa, mishono inaachana, kitambaa kinaonekana katikati kama fizi za mzee. Lazima ua lifunguliwe kwenye programu yenyewe, lipangwe upya kwa ukubwa wa pindo. Na programu imo kwenye kompyuta iliyokufa.

Mkwe wangu anafundisha sekondari na anajua kutengeneza kompyuta za shule. Akaja kutoka Muyinga kwa kupitia Karusi, amepakata kompyuta mpya kwenye magoti njia nzima. Nyembamba, nyeusi, inawaka kabla hujakaa vizuri. Akaiweka mezani wakati mimi niko nje, kisha akatoka, mimi nikaingia. Ndivyo tulivyofanya siku nzima. Kama kuna waya wa kuchomeka, mimi nasimama natoka, yeye anaingia, anachuchumaa pembeni ya kigoda changu bila kukigusa, anachomeka, anatoka, mimi narudi.

Jirani yangu, mama wa Kiislamu anayeuza vitenge chumba cha pili, alileta kiti chake nje ili aone vizuri.

"Eh, mukwe, ingia basi. Ordinatere iko inauma?" Ordinatere ni kompyuta, kwa Kiswahili cha hapa mjini.

"Niko sawa hapa, mama."

"Muko munacheza ngoma. Moja anaingia, moja anatoka."

Ile kompyuta mpya ilikuwa na mfumo mpya. Mimi kwangu kompyuta ilikuwa kompyuta. Mkwe akanieleza kutoka mlangoni kwamba mfumo ndio mwenye nyumba, na programu ni mpangaji, na huyu mwenye nyumba mpya hawajui wapangaji wa zamani. Picha zote zilikuwa zimehamishwa. Pale nilipozoea kubonyeza hapakuwa na kitu. Alikuwa ametoa programu kwenye diski ya kompyuta ya zamani akaiweka, nikaibonyeza, yakatokea maandishi ya Kifaransa.

"Inasema nini, mabukwe?"

Nikamsomea herufi moja moja. Akasema ina maana programu haifanyi kazi kwenye mfumo huu. Akanielekeza sehemu ya kuidanganya, ili ijione bado iko kwenye mfumo wa zamani. Ikafunguka nusu, ikauliza ufunguo. Kijiti cha kijani kilikuwa kimechomekwa palepale, lakini mfumo mpya ukasema haukijui kitu hicho. Tukakitoa, tukakirudisha. Mimi natoka, yeye anaingia. Haukukijua.

Jioni akaniambia kuna programu mpya za kutarizi, nzuri zaidi.

"Zitafungua ua lake?"

"Hapana. Itabidi lichorwe upya."

"Achore nani?"

Akapanda gari la kurudi Muyinga na diski ya zamani kwenye begi, imefungwa ndani ya sweta.

Jirani yangu akaja kukaa nami tukichambua mchele. Akasema, "Dada, mi nakwambia kitu. We sema tu ordinatere imekataa. Imekataa, bon, imekataa. Huyu ataoa namna gani?"

"Unataka nidanganye?"

"Siyo kudanganya. Iko imekataa kweli."

Na ni kweli ilikuwa imekataa. Nilifikiri jambo hilo siku nyingi nikitarizi majina kwenye sare kwa michoro iliyokuwa kwenye flashi. Sikuwa na hasira na mkwe wangu. Sikuwa na kitu. Niliona tu kwamba matanga yasipokwisha, binti yangu bado ni mke wa mtu, bado ana nyumba Muyinga na sufuria zake ndani. Yakiisha, sufuria zitakuwa za mwingine. Nilifikiri sana kuhusu zile sufuria. Mbili nilizinunua mimi.

Aliporudi mara ya pili alikuwa amekonda. Akasimama kizingitini akasema amekaa na ile diski kila siku baada ya vipindi. Amechukua kompyuta ya zamani yote, na mfumo wake, na kila kitu, akaiweka ndani ya mpya.

"Ndani vipi? Haitaingia."

"Si chuma, mabukwe. Ni ile roho yake. Utaona dirisha. Ndani ya dirisha kuna kompyuta ya zamani. Hiyo haijui kwamba imehama."

"Na kijiti?"

"Nimekipitisha. Ile ya nje haina haja ya kukijua. Inakipokea tu na kukikabidhi ya ndani."

Nikakaa. Akaniambia nibonyeze picha fulani mara mbili. Likatokea dirisha jeusi, kisha likawaka, na ndani yake nikaiona kompyuta yetu. Picha ile ile ya nyuma ambayo binti yangu aliipiga kwa simu, mtaro wa Ryansoro baada ya mvua. Vitu vyote mahali pake. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, sikuhitaji kuambiwa. Nikabonyeza programu. Ikafikiri. Haikuuliza ufunguo. Nikafungua folda yake, nikalifungua ua.

Likatokea lote, na kikonyo chake.

Nyuma yangu mkwe akauliza, "Inasema nini, mabukwe?"

Hakuwa anaona. Mimi ni mnene na kioo ni kidogo, na mlango uko nyuma yangu. Ningesema imekataa, asingeingia kuhakikisha nikiwa nimekaa. Angerudi Muyinga na begi lake. Jirani alikuwa amekaa pale nje, akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Nilitazama ua. Nilitazama pale kwenye jani, ambapo binti yangu alikosea mwelekeo wa mishono na hakutaka kusahihisha, akisema majani hayana nidhamu.

"Mabukwe?"

"Limefunguka," nikasema.

Nikasikia kitu. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, palepale kwenye vumbi la uani, na suruali yake ya kazi, mikono kichwani. Jirani alikuwa anatazama barabarani. Nilimwambia ainuke, suruali inachafuka. Kisha nikauliza jinsi ya kuhifadhi ili mchoro utoke kwenye kompyuta ya ndani uende ya nje, kisha flashi, kisha mashine. Akanieleza akiwa amekaa chini. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye homa, lakini alieleza vizuri.

Nilitarizi shuka zote. Uzi wa zambarau wa Gitega ulikwisha nikaletewa mwingine, haufanani sana, nikauweka kwa wanawake wa upande wao.

Siku ya kuganduka Muyinga ilikuwa na upepo. Baada ya misa tulikaa uani, pombe ya mtama ikapita, mzee akasimama akasema msiba umekwisha, tumemwachia Mungu. Watu walinitazama waone kama nitalia. Mimi nilikuwa natazama mapindo. Shangazi mmoja alikuwa ameivaa shuka yake juu chini. Nikamfuata nikamgeuza.

Mkwe wangu alioa mwaka uliofuata, yule mwalimu. Hajaacha kuniita mabukwe, ingawa hakuna anayemlazimisha. Mfumo mpya una tabia ya kutaka kujibadilisha kila baada ya muda, na kila ukijibadilisha lile dirisha linakataa kufunguka, na mimi nampigia simu. Ananielekeza kutoka Muyinga. Si tofauti sana na mlangoni. Jirani anataka nijifunze ile programu mpya. Nimejifunza kidogo, natarizi nayo nembo na majina. Maua nayafanyia dirishani.

Mwezi uliopita nilipiga simu akapokea mke wake. Akasema mume yuko darasani, simu ameisahau nyumbani. Sikukata. Naye hakuweka simu chini. Nilisikia msichana wetu nyuma akiimba hesabu za kujumlisha, na sauti ya kifuniko cha sufuria.

"Mama," yule mwanamke akasema, "nilitaka kuomba. Mtoto atapewa komunyo ya kwanza. Nimemnunulia kitambaa cheupe cha gauni. Anataka ua lile la maharage. Nimemwambia niulize kwanza kama inaruhusiwa."

Nilitazama kioo. Dirisha lilikuwa limekataa, limebaki jeusi, na kijiti cha kijani kinawaka taa yake ndogo nyuma.

"Kitambaa umekifua?"

"Bado, ni kipya."

"Kifue kwanza. Kipya kinasinyaa, na ua litajikunja. Kifue, ukipige pasi, ndipo ukilete. Na mwambie mume wako akitoka darasani anipigie, kompyuta ya ndani haitaki kuamka."