Rubani wa Majini na Chupa ya Petroli

Siku yangu ya kwanza kazini, fundi katika uwanja wa ndege za jeshi, mwishoni mwa miaka ya sitini, Fundi Mkuu alinikabidhi chupa ya kioo. Alikuwa Mzanzibari mwenzetu, ila yeye alitangulia kuhamia Maskati. Petroli ya ndege ilikuja kwa mapipa, na mapipa hayakosi unyevu. Kila asubuhi tulifungua kijibomba chini ya tangi, tukakinga petroli chupani. Maji yakiwamo hutuama chini. Rubani hapandi mpaka aione chupa ya ndege yake.

"Mwanangu," alinambia, "gari ikizimika utasukuma. Hii ikizimika huko juu, nnakuuliza, nani atasukuma?"

Rubani wangu alikuwa kijana wa Kiingereza, wa jeshi la majini, aliyezoea kutua juu ya meli inayokwenda. Wallahi sijapata kuona! Uwanja wetu ulibanwa na majabali, naye alipita baina yao bawa moja chini, akaiweka ndege changaraweni kama mama alazavyo mtoto. Sisi mafundi tuliacha spana tukabaki midomo wazi.

Ijumaa moja, nikitaka kuwahi msikitini, nilimwonyesha chupa safi iliyokingwa kwenye ndege nyengine. Akaniamini, akapanda. Ndege ilipoanza kujongea, moyo ulinishinda. Nilikimbia mbele yake, rafadha ikizunguka puani mwake, nikapishanisha mikono juu ya kichwa, ishara ya kusimama. Akazima injini. Tulipokinga, maji yalifika kina cha kidole.

Fundi Mkuu aliwaka. "Ntokee mbele yangu! Kazi huna tena hapa!"

Rubani aliitazama chupa, akasema kwa Kiingereza, "Amenidanganya, kisha amejishitaki mwenyewe mbele ya rafadha inayozunguka. Tangu leo ndege yangu asiiguse mwengine."

Vita vya waasi kusini mwa nchi vilipopamba moto alipelekwa huko, Salala, akataka niende naye. Alichukua majeruhi milimani, akirudi na mbawa zilizotobolewa, anacheka. Nilistaajabu kila mara. Nami nilikagua matangi mara mbili, mara tatu.

Siku moja hakurudi. Siku mbili nilishinda uwanjani, nikingoja kuambiwa kama ni injini iliyozimika. Ofisa akaja na habari: askari waliokuwa karibu wameiona ndege ikipigwa. Ilikuwa risasi.

Nilisema alhamdulillahi. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu, na kijana wa watu amekufa. Kazi ile ilinipa heshima na nyumba hapa Khuwair, Maskati, ninamokaa na wajukuu zangu, na nimestaafu salama. Lakini shukrani ile naitubia mpaka leo.