Majongoo Bahari Jikoni kwa Mama Mkwe

Naona haya hata kusimulia, lakini afadhali mkisikie kisa hiki kwangu kuliko kwa akina mama wa kanisa kule Kalama, maana wao wanaongeza chumvi.

Mimi kazi yangu ni kutafuta dawa ndani ya majongoo bahari, wale viumbe wanene wanaojikokota chini ya bahari (ndiyo, naifanyia hapa Machakos, msiniulize). Ijumaa moja stima ikapotea maabara, majongoo wangu kumi na wawili, niliowangoja kutoka Kilifi miezi na miezi, wakaanza kuyeyuka, nikaamua na akili zangu timamu kuwapeleka kwenye friza ya duka la mama mkwe. Akauliza mfuko una nini. Nitamtajiaje mkwe wangu jongoo? Nikasema, "Ni dawa, mama."

"Ya nini?"

"Maumivu ya viungo," nikajibu, kifua mbele, kana kwamba nimeshaipata.

Jumapili narudi, friza ina soda tu. Jikoni kwake, nyuma ya duka, kunaimbwa, kunanuka bwawa lililokauka. Nikachungulia mlangoni: akina mama sita wa kanisa wameshika bakuli wakingoja kupakuliwa, na majongoo wangu wako kwenye sufuria ya supu, wamekatwakatwa, wametiwa vitunguu na dania.

Sasa, kwetu Ukambani mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hata nyumba ikiungua anafikiria kwanza. Nikaita nikiwa nje, "Mama, msinywe!" Wapi, wimbo umepanda. Na kuna majongoo wenye sumu, nami sikuwa nimepima hata mmoja, basi nikaingia, nikanyakua sufuria mikono mitupu, nikapiga yowe, nikaimwaga yote kwenye viatu vya mwenyekiti wao.

Wimbo ukakatika.

"Baba Mutheu," mama mkwe akasema polepole, "umeingia jikoni kwangu?"

"Mama, hiyo ni jongoo."

"Jongoo?" mwenyekiti akaruka. "Hii ya shamba?"

"Ya bahari."

"Kwani hiyo ndiyo afadhali?"

Wote wakacheka isipokuwa mama mkwe. Alikuwa ameshika goti lake, lile linalomfanya aende kanisani na fimbo.

"Si ulisema ni dawa?"

"Bado, mama. Tunatafuta."

"Kwa hivyo hujapata."

"Sijapata."

Akainama taratibu, ameshikilia meza, akaanza kupangusa sakafu. Nikaomba nimsaidie. "Toka kwanza jikoni," akasema.

Mbuzi wa msamaha nimeshampeleka. Mkubwa wangu wa kazi nilimpigia kumweleza kwamba sampuli zote zimepikwa, akauliza kama zilitiwa chumvi. Hayo yatapita. Ila neno dawa nimeapa silitamki tena mbele ya mtu anayeumwa, mpaka siku nitakayokuwa nayo mkononi.